Dawa Mpya za Kulevya na Yule Anayefika wa Kwanza

Ndugu wasomaji wa Busia, Malaba na vijiji vinavyoambaa na mpaka wa mashariki ya Uganda, huenda mmeona kwamba katika miezi ya karibuni polisi wamekuwa wakiwaita kikaoni watu ambao si kawaida yao kukaa benchi moja: askari wa doria, mwenyekiti wa LC1, mhudumu wa afya wa kijiji, mwendesha bodaboda, muuza duka la dawa, mwalimu wa zamu na mhudumu wa nyumba ya kulala wageni. Baadhi yenu mmetuuliza, tena kwa haki, ni shauri gani hilo linalomhusu mtu wa bodaboda sawasawa na askari. Shauri lenyewe ni dawa mpya za kulevya, na hasa zile dakika chache baada ya mtu kuzidiwa nazo. Daktari ni nadra kuwapo dakika hizo. Anayekuwapo ni mmoja wa hao tuliowataja, na mara nyingi uhai wa mgonjwa hutegemea anayoyatenda au anayoacha kuyatenda kabla daktari hajapata habari.

Tuchukue mfano tunaoutumia katika kila kikao. Dereva wa lori aliyetoka Mombasa amefika Malaba jioni. Foleni ni ndefu, naye amepanga chumba. Usiku mhudumu anasikia kutoka chumbani mkoromo mzito, wenye sauti ya majimaji kooni kama ya mtu anayesukutua. Anajisemea kwamba mgeni amechoka na safari, aachwe alale. Asubuhi mlango unagongwa bila jibu. Mkoromo ule haukuwa wa usingizi. Ulikuwa ni sauti ya koo lililolegea na ulimi ulioanguka nyuma ukaziba njia ya hewa, kwa sababu kitu alichokitumia, au alichotiliwa katika kinywaji na mtu aliyetaka kumwibia, kilikuwa kikiuzimisha ubongo wake kidogo kidogo. Kati ya mkoromo na kimya huweza kupita saa nzima au zaidi. Muda huo ulitosha kabisa kumgeuza ubavu na kuita msaada, laiti mhudumu angalijua anachokisikia. Tunapouliza darasani ni nani aliyewahi kuusikia mkoromo wa namna hiyo, mikono inayoinuka si michache.

Sasa tueleze hizo dawa mpya ni nini, maana neno lenyewe hupotosha. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, yenye makao yake Vienna, huliweka katika kundi hilo kila kitu kinachotumiwa kulewesha, chenye hatari kwa afya ya watu, ambacho hakimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 wala ule wa 1971. Si lazima kiwe kimegunduliwa jana. Katika ripoti yake ya 2013 ofisi hiyo iliyataja hata mairungi, yale ambayo jirani zetu wa Kenya huyaita miraa, na ambayo wazee wa Meru wameyatafuna tangu enzi za mababu. Msomaji anaweza kucheka. Lakini mairungi yana nafasi ya pekee katika habari hii. Ndani ya jani bichi mna kemikali iitwayo kathinoni, ambayo hupungua nguvu kadiri jani linavyokauka, na ndiyo sababu magari ya miraa hukimbizwa barabarani kwa kasi tunayoijua sote. Wanakemia waliliiga umbo la kathinoni wakaunda maabarani jamaa zake wengi, wenye nguvu kupita jani lenyewe, ambao katika nchi za Magharibi waliuzwa kwa jina la chumvi ya kuogea ili kukwepa sheria. Mtu aliyezoea kutafuna majani jioni nzima asidhani kwamba unga huo ni mairungi yaliyosagwa.

Aina zilizokwisha kuripotiwa Vienna zinapita 1,000. Wingi huo unatokana na hila moja. Sheria huzitaja kemikali moja moja kwa majina, na mtengenezaji hubadili kipande kidogo tu cha umbo la kemikali iliyokatazwa, akapata kitu ambacho kwa mujibu wa maandishi hakijakatazwa bado. Hapa kwetu sheria yenyewe ya dawa za kulevya imekuwa na safari yake: ile ya mwaka 2015 ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwezi Mei 2023 kwa sababu Bunge lilipoipitisha akidi haikuwa imetimia, na Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo. Sheria huchukua miaka. Mtengenezaji huhitaji majuma.

Kundi linalowachanganya watu zaidi ni lile liitwalo bangi bandia. Halina bangi ndani yake. Ni kemikali za maabara, nyingine zikiwa zimebuniwa na Profesa John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, katika utafiti wa namna ubongo unavyofanya kazi. Wafanyabiashara wakazichukua wakazinyunyizia juu ya majani makavu yoyote. Unyunyizaji huo haulingani. Pakiti moja huweza kuwa na sehemu isiyo na kitu na sehemu yenye dozi ya kumwangusha mtu. Tarehe 12 Julai 2016, katika mtaa mmoja wa Brooklyn mjini New York, watu 33 walizidiwa kwa wakati mmoja kwa kuvuta kitu cha namna hiyo, wakawa wanatembea polepole wakiguna, macho yamekodolewa, hawaitiki wanapoitwa. Kipimo cha kawaida cha mkojo kinachotafuta bangi hakizioni kemikali hizi. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa kwamba kipimo cha mwanawe ni safi asifunge jambo hapo ikiwa macho yake mwenyewe yanamwonyesha vingine.

Kundi la pili ni la vitu vinavyofanana kazi na heroini. Hapa tunawataja Sierra Leone kwa heshima na kwa huzuni, kwani tarehe 4 Aprili 2024 Rais Julius Maada Bio alitangaza hali ya hatari ya kitaifa kwa ajili ya dawa iitwayo kushi. Kwa muda mrefu ilivuma kwamba kushi hutengenezwa kwa mifupa ya wafu, hata makaburi yakawekewa ulinzi. Vipimo vya maabara vilipofanyika, vikaonyesha bangi bandia pamoja na nitazini, jamii ya dawa za kutuliza maumivu iliyobuniwa Uswisi miaka ya 1950 na ambayo haikupata kuruhusiwa kutibu binadamu, kwa kuwa ni kali mno na huzuia pumzi. Watu walikuwa wakilinda makaburi, na kumbe kilichokuwa kikiwaua vijana kilikuwa kimeingia kama bidhaa.

Majirani wa karibu nao wana visa vyao. Mwaka 2021 Kinshasa ilishangazwa na vijana waliosimama vichochoroni wameinama bila kujongea kwa saa nyingi; dawa yao, iitwayo bombe, ilichanganywa vidonge na unga uliokwanguliwa kutoka kifaa cha kusafisha moshi ndani ya ekzosi ya gari, na wenye magari wakawa wanaibiwa vifaa hivyo. Mwaka 2025 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata shehena ya Mitragyna speciosa, mti wa Asia ya Kusini Mashariki ambao majani yake hulevya, ikiwa imefungashwa kama mbolea. Tunayasema haya si kwa kuwatilia shaka wafanyabiashara wa mpakani. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwezi Februari 2018, mizigo inapita upesi na riziki za wengi zimeongezeka, nasi tunalifurahia. Tunasema tu kwamba mfuko wa mbolea haumwambii mbebaji kilichomo.

Ikiwa hali ndiyo hiyo, mafunzo yafundishe nini? Tungeweza kuwakaririsha watu majina ya dawa, na kuna waliotaka tufanye hivyo, wakaomba picha za kila aina. Tumekataa. Jina la leo halitakuwapo mwakani, na kidonge kimoja huuzwa kwa majina matatu katika masoko mawili yaliyo kando kando ya mpaka. Mwuzaji mwenyewe hajui alichonacho. Mhudumu wa kwanza anayepoteza dakika akiuliza “alitumia nini?” anazipoteza kwa swali ambalo huenda hakuna aliyepo anayeweza kulijibu. Tunamfundisha kuusoma mwili, kwa kuwa vitu hivi vyote, kwa maelfu yake, humfikisha mgonjwa wa dharura katika hali mbili kubwa: ama mwili unazima, ama mwili unachemka.

Mwili unaozima huonekana hivi. Mtu haamki unapomwita kwa sauti na kumsugua kifua kwa vifundo vya ngumi. Pumzi zake ni chache, za mbali mbali, au ni ule mkoromo tuliousimulia. Midomo na kucha hugeuka rangi. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi, tazama ndani ya mdomo na kwenye fizi, utaona weupe wa majivu au ubuluu. Mboni za macho huweza kuwa ndogo kama tundu la sindano. Huyu ikiwa bado anapumua, mlaze kwa ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asiviringike, kichwa kiinamishwe nyuma kidogo ili matapishi yatoke nje yasiingie mapafuni. Kaa naye. Hesabu pumzi zake. Zikikoma, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie hewa mdomoni polepole mpaka kifua kiinuke, pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Na asipoonyesha dalili yoyote ya uhai, kandamiza kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, ukiendelea kumpulizia, mpaka msaada ufike.

Na hapa hatuna budi kusema habari ya maziwa. Katika nyumba nyingi za pande hizi, mtu akidhaniwa amekula sumu hunyweshwa maziwa. Wengine hutumia maji ya chumvi, wengine mafuta ya kupikia. Nia ni njema kabisa. Lakini mtu asiye na fahamu hamezi, na maziwa hayo huingia kwenye mapafu yakamaliza pumzi kidogo iliyobaki. Hali kadhalika kumtumbukiza katika maji baridi, kumchapa makofi, au kumkokota huku na huko ili damu izunguke. Mtu anayezima haamshwi kwa vishindo.

Kwa vitu vya jamii ya heroini, pamoja na nitazini, iko dawa ya kuvifuta, naloksoni, ambayo hospitali huitumia, na ambayo tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza iwafikie hata watu wa kawaida wanaoweza kushuhudia mtu akizidiwa. Shirika hilo na ofisi ya Vienna zilifanya majaribio ya mpango huo Kazakhstan, Kirigizi, Tajikistan na Ukraine, na watu waliofunzwa wakaitumia vema. Nguvu yake huisha mapema kuliko ya baadhi ya dawa zilizomwangusha mgonjwa. Kwa hiyo aliyezinduka asiruhusiwe kwenda zake, hata akitukana na kudai kwamba ni mzima. Anaweza kuzima tena njiani.

Mwili unaochemka ni kinyume. Mtu hutokwa na jasho au ngozi hukauka moto kama jiko, moyo humwenda mbio, huvua nguo, hupiga kelele, huona maadui wasiokuwapo, na huwa na nguvu zinazowatisha watu wanne. Hapo ndipo polisi huitwa, na hapo ndipo mafunzo ya askari wetu yamewekewa mkazo kuliko mahali pengine popote. Hatari iliyo kubwa kwa mtu huyu, kuliko dawa yenyewe, huweza kuwa namna anavyokamatwa. Kumlaza kifudifudi, mikono nyuma na pingu, huku watu wamemkalia mgongoni, ni kumnyima hewa mtu ambaye mwili wake unaihitaji mara mbili ya kawaida. Akinyamaza ghafla, umati hushangilia kwamba ametulia. Askari aliyefunzwa hujua kwamba ukimya huo ni dharura. Elekezo ni hili: watu waondolewe, aongee mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini na sentensi fupi, apelekwe kivulini, apoozwe kwa nguo iliyoloweshwa, akilazimika kushikwa, ashikwe kwa muda mfupi kabisa na mara moja akalishwe au alazwe ubavuni. Kisha hospitali. Mahabusu si mahali pa mtu mwenye joto la mwili la namna hiyo, hata kama amevunja kioo cha duka.

Jambo la unga limewatia watu hofu isiyo na kipimo. Kuna video zinazozunguka katika simu zikionyesha askari wa nchi za mbali wakianguka kwa kugusa tu fentanili. Wataalamu wa sumu wa Marekani walilichunguza jambo hilo na mwaka 2017 wakatamka kwamba hatari ya kuzidiwa kwa kugusa tu ni ndogo mno. Glavu na maji ya sabuni vinatosha. Usionje, usinuse, usijipanguse macho. Kuna waliosita kumpulizia mgonjwa hewa kwa hofu hiyo, na hilo linasikitisha. Pakiti, kidonge kilichobaki, hata karatasi tupu, viwekwe ndani ya bahasha na kukabidhiwa kwa mhudumu wa afya au kwa askari, kwani Maabara ya Serikali ya Uchunguzi wa Kemikali iliyoko Wandegeya, Kampala, haiwezi kupima uvumi. Mabaki ya pakiti moja kutoka Busia huweza kuwa ndiyo habari ya kwanza nchini kwamba kitu fulani kimeingia.

Swali tunaloulizwa katika kila kikao, mara nyingi na kijana aliyekaa nyuma, ni hili: nikipiga simu, je, sitakamatwa mimi? Tunalijibu bila kuzunguka. Kuuza na kusafirisha dawa za kulevya ni kosa, na hakuna afisa wa uhusiano mwenye mamlaka ya kuahidi vingine. Kumletea mgonjwa msaada si kosa. Askari waliopitia mafunzo haya wameelekezwa kwamba uhai ndio kazi ya kwanza, hospitali ndiyo ya pili, na maswali wanayouliza pale penye tukio ni yale tu ambayo daktari atayahitaji: ameanza lini, kwa njia gani, alichanganya na pombe au vidonge, ana maradhi mengine. Upelelezi una siku yake. Tunajua kwamba maneno ya jaridani hayatamwondolea mtu hofu usiku mmoja. Atakayeiondoa ni askari wa kwanza atakayefika katika kijiji chake na kupiga magoti kando ya mgonjwa kabla ya kuuliza majina.

Tuongeze neno kwa walimu, ambao hutuomba mara kwa mara tuje kuwahutubia wanafunzi na kuwaonyesha dawa zenyewe. Viwango vya kimataifa vya kinga, vilivyotolewa na ofisi ya Vienna na toleo lake la pili likashirikisha Shirika la Afya Duniani mwaka 2018, vinasema waziwazi kwamba kuwatisha watoto, kuwapa maelezo matupu, na hata kumsimamisha polisi awe ndiye mwalimu wa somo hilo, ni njia ambazo hazikuonekana kuzuia lolote, na pengine huamsha udadisi. Tunaliandika hili katika jarida la polisi bila kuona haya. Kinachosaidia ni mwalimu wao wenyewe, anayewajua kwa majina, akiwafundisha kwa mazungumzo namna ya kukataa na namna ya kuomba msaada. Sisi tutakuja kumfunza mwalimu. Vivyo hivyo kwa redio za mpakani: kuitangaza dawa mpya kwa jina lake la mtaani, bei yake na ajabu zake ni kuifanyia biashara bure.

Kwa anayetaka kuacha, milango ipo pande zote. Hospitali ya Butabika, Kampala, ina kitengo cha ulevi na dawa za kulevya, na tangu mwaka 2020 imekuwa na kliniki ya tiba ya methadoni kwa waliozoea heroini. Kenya ilianza tiba hiyo 2014, na Tanzania iliwatangulia wote, Muhimbili, mwaka 2011. Kwa bangi bandia na kathinoni za maabara hakuna dawa ya namna hiyo, bali uangalizi, ushauri na muda. Familia isione kwamba imedanganywa inapoambiwa hivyo.

Kwa dharura, simu za polisi ni 999 na 112, nazo hutumika pande zote mbili za mpaka, Uganda na Kenya. Sema kwanza mahali ulipo, kwa alama inayoonekana: mti, kanisa, msikiti, kituo cha mafuta. Kisha sema kama mgonjwa anapumua au hapumui, kama anaamka au haamki, na kama mwili wake unazima au unachemka. Jina lako si la lazima. Kama bodaboda ndiyo usafiri pekee, mgonjwa asiyejitambua asiketishwe peke yake nyuma. Mtu wa tatu akae nyuma yake amshike kidevu kisiangukie kifua, na dereva aende kwa mwendo wa wastani hadi kituo cha afya kilicho karibu, au Masafu, au Tororo. Wanaoishi hatua chache kutoka mpakani wapeleke kule kuliko karibu, hata kama ni hospitali ya rufaa ya Busia upande wa Kenya. Maafisa wa uhamiaji wa zamu waambiwe tu kwamba kuna mgonjwa.